Tangi la Futi Mbili

Jamani, damu ya samaki ni kidogo, lakini ikiingia kwenye maji meupe, ndani ya kioo, mbele ya macho yako, unaiona yote.

Evelina aliiona saa mbili asubuhi, Jumamosi ile ya kupokea mahari yake. Alikuwa anafagia sebule. Tangi lilikuwa kabatini, kwenye ule uwazi walioachia televisheni, na ndani yake samaki mmoja mweusi mwenye mshipi mwekundu alikuwa anamuua mwenzake. Sisemi kumfukuza, nasema kumuua. Alimbana kwenye kona, akarudi nyuma kidogo kama beberu anayetafuta nafasi, halafu akaja na kichwa chote, pa! Kwenye jicho. Akarudi nyuma. Akaja tena, pa! Kwenye lile lile jicho.

Wale wanne wekundu wa kutoka Dar, waliokuja na mikia mirefu inapepea kama shela la bibi harusi, mikia hawakuwa nayo. Vishina tu. Na yule mkubwa mwenye nundu kichwani alikuwa ametulia chini, ametumbua macho, anangoja atakayeanguka amle.

"We Eva! Mbona kimya? Umemaliza?" mama yake aliita kutoka uani.

"Mama, samaki wanauana!"

"Watazoeana. Hata mimi na marehemu baba yako tulianza hivyo hivyo."

"Mama, huyu hana jicho!"

Mama Seth akaja, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Aliinama, akaangalia, akanyooka haraka. Akavuta kitambaa cha kochi, kile cha kufuma, akafunika tangi.

"Basi. Wageni wakifika tunafunua, wanaona rangi rangi, tunafunika tena."

"Wataona maiti, mama."

"Koma! Usinitajie maiti siku ya mahari!"

Hapo ndipo Seth alipoingia. Huyu ndiye kaka mkubwa, mchinjaji wa mnadani, mtu wa mabega. Tangu baba yao afariki yeye ndiye aliyekuwa baba pale nyumbani Makole, Dodoma. Alikuwa ametoka kuchinja mbuzi wa wageni nyuma ya nyumba, kisu bado kinadondosha. Anthony, mchumba wa Evelina, alikuwa amemwahidi kumfungulia bucha lake mwenyewe mjini, lenye jokofu na mizani mpya, na Seth alishaliota lile bucha mpaka rangi ya mlango.

"Nani anauana?"

"Samaki wa Anthony," Evelina alijibu. "Kaka, niruhusu niwatoe hata hawa wekundu, niwaweke kwenye ndoo."

"Usiguse."

"Wanakufa!"

"Wafe. Ukimwaibisha Anthony leo, mbuzi hatakuwa peke yake." Akakipangusa kisu kwenye gunia, taratibu, upande huu na upande huu. Hakucheka.

Evelina akasimama na ufagio wake. Moyo ulimuuma kwa kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye aliyewaweka samaki wale mle ndani. Na alijua.

Ilikuwa hivi. Miaka ile mizigo ya nje ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinaingia, na wenye nacho Dodoma walianza kununua televisheni, ingawa ukiwasha unaona chenga tupu. Anthony alitajirikia marobota ya mitumba. Alimnunulia mama mkwe kabati kubwa la kuweka televisheni, halafu akaona haina maana kumwekea chenga. Akasema ataweka samaki. Wabunge wanaweka samaki, kwa nini yeye asiweke?

Akaenda kwa mzee Kassamali, muuza vioo, ambaye alikuwa ameanza biashara ya matangi. Evelina ndiye aliyekuwa akitunza samaki pale dukani. Aliwalisha, akawabadilishia maji, aliwajua mmoja mmoja kama mtu anavyojua kuku wake. Na fundi wa matangi alikuwa Marko, kijana wa Chemba, mrefu, mpole, vidole vyote vina alama za kukatwa na kioo. Hawa wawili walikuwa wanapendana mwaka wa pili sasa, na mapenzi yao yalikuwa ya kupasiana kikombe cha chai juu ya meza ya kukatia vioo, vidole vinagusana, macho yanashuka. Seth alishasema: fundi asiye hata na chumba cha maana hatamwoa dada yake.

Anthony alifika akanyoosha kidole. "Huyu mwenye nundu. Hawa weusi watatu. Na hawa wekundu wanne. Tangi liwe futi mbili, liingie kwenye kabati."

"Hawakai pamoja, kaka," Marko alisema. Alikuwa amebeba kioo kikubwa, mikono yote miwili imetanuka. "Hawa weusi wa Kigoma ni wababe. Ukiweka watatu, mmoja anakuwa bwana, wengine anawaua. Wanatakiwa kumi na tano, kwenye tangi la futi tano, ndiyo ubabe unagawanyika. Kila mmoja anapigwa kidogo, hafi mtu. Na hawa wekundu ni wazito, mikia yao inawaita wenzao waje wang'ate. Wapewe tangi lao."

"Samaki ni samaki."

"Si kweli. Maji yetu haya ya chumvi, yanayoharibu masufuria, wa Kigoma wanayapenda. Wanapata nguvu. Huyu mwenye nundu naye chochote kinachoingia mdomoni, anameza. Futi mbili haimtoshi hata kugeuka."

"Mimi nanunua au nafundishwa?"

"Unanunua, lakini..."

Anthony alimzaba kofi. Kofi la mkono wa pete. Na Marko, jamani, alikuwa na kioo mikononi! Akikiachia kinamkata miguu Evelina aliyesimama karibu. Akapokea kofi la kwanza, la pili, la tatu, damu inamtoka puani inaingia mdomoni, na kioo hakikutikisika. Alikuwa anamtazama Evelina tu. Jicho lile lilisema ondoka hapo ulipo, nisije nikashindwa kukishikilia. Evelina alirudi nyuma hatua mbili, na siku ile alijua kwamba akiolewa na mtu mwingine atakuwa amekufa akiwa anatembea.

Kwa hiyo Marko alitengeneza lile tangi kwa kulazimishwa, ila kuweka samaki alikataa kabisa. Jana yake, Ijumaa mchana, Evelina ndiye aliyewaweka. Angeweza kugoma. Angeweza kumwambia mzee Kassamali. Alinyamaza, akamwaga samaki mle ndani mmoja mmoja, roho yake inasema waache wauane, aumbuke mbele ya watu. Ndivyo alivyotaka. Sasa alikuwa anaangalia kitambaa kinavyotikisika kwa vichwa vinavyogonga kioo, na aliona aibu.

Akatupa ufagio, akapita mlango wa uani, akakimbia.

Dukani alimkuta Marko amepiga magoti, anapangusa tangi jipya. Refu, la kioo kinene, gundi imeshakauka.

"La nani hili?"

"Lako," Marko alisema. "Futi tano. Nilijua utakuja."

"Ulijuaje?"

"Wewe huwezi kusikia kitu kinauawa ukakaa."

Evelina alianza kulia. "Ni mimi niliyewaweka, Marko. Nilitaka wauane, Anthony aumbuke."

Marko alinyanyuka. Akamshika uso kwa viganja vile vyenye makovu, mbele ya mzee Kassamali na mbele ya mteja aliyekuja kuweka picha kwenye fremu.

"Basi twende tukawatoe."

"Usije wewe! Seth ameshika kisu. Nipe tangi tu, niite mkokoteni."

"Tangi hili linabebwa na mtu anayejua pa kushika. Litapasuka."

"Lipasuke. Wewe usipasuke."

Mzee Kassamali alikohoa. Mzee huyu alizaliwa Dodoma hiyo hiyo, Kiswahili chake ni cha Dodoma, na maneno yake hayakuwa na sukari. "Vioo vyangu, gundi yangu, mapenzi yenu. Marko, ukienda pale utapigwa."

"Najua, mzee."

"Basi nakuja na mimi. Wakikupiga, awepo wa kukuokota. Binti, tangulia, sisi tunakuja pole pole na mkokoteni."

Evelina aliporudi, gari la Anthony lilikuwa limeshafika. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, wanawake wamejipanga ukutani na khanga zao mpya. Mjomba Mazengo, kaka yake mama, aliyekuja kutoka Hombolo kupokea mahari, alikuwa amekaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Mama Seth alikuwa ameshika ncha ya kile kitambaa.

"Zawadi ya mkwe wangu!" alisema, akavuta.

Vigelegele vilianza vikakatika katikati, kama mtu amevikata kwa panga.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Wekundu wawili walikuwa wanaelea kifudifudi, mmoja tumbo limefunguka. Yule mwenye nundu alikuwa amemeza kichwa cha wa tatu, kiuno bado kiko nje, kinachezacheza. Na yule mweusi bwana mkubwa alikuwa anampiga mfu. Alikuwa ameshamuua mwenzake, lakini hakuacha, pa! pa! pa! mpaka magamba yanaruka.

Mtoto mmoja alilia. Mshenga wa Anthony akasema, "Hii ni nuksi."

Anthony alisimama. Suti ilimbana shingoni. "Nani amefanya hivi? Siku ya mahari yangu?"

"Fundi!" Seth alisema haraka. "Yule wa Chemba. Ametia sumu. Ana wivu yule, tangu zamani."

Na wakati ule ule, jamani, wakati ule ule, magurudumu ya mkokoteni yakasikika uani.

Evelina alipiga kelele, "Marko, rudi!" Hakuna aliyemsikia. Seth alishatoka. Alimkuta Marko ameinama anafungua kamba za tangi, akamkamata kola kutoka nyuma, akamgonga uso kwenye ubao wa mkokoteni. Mara moja. Mara mbili. Jino likatoka, likadondoka vumbini. Anthony alifika akivua mkanda, akampiga na upande wa chuma, mgongoni, kichwani, popote ulipofikia. Kassamali alijaribu kuingia katikati, akasukumwa, akaanguka juu ya matofali, kofia huko, viatu huko.

"Umeweka sumu gani? Sema!"

"Sijaweka..."

"Sema!"

Seth aliokota mchi uliokuwa umelala kwenye kinu. Akaupiga kwenye lile tangi la futi tano. Kioo kililia kote Makole. Vipande vilimmiminikia Marko kama mvua ya mawe, na alipoweka mkono wa kulia chini ili anyanyuke, Seth akaukanyaga. Akaukanyaga kwa kisigino, juu ya vioo, akageuza. Evelina alisikia mfupa. Hata leo angekuambia alisikia mfupa kabla hajasikia Marko anapiga ukelele.

Alirudi ndani mbio. Watu walidhani amekimbia damu. Alichukua kikombe cha bati mezani, akamwaga chai iliyokuwemo, akakizamisha ndani ya tangi la futi mbili, kikajaa maji yale mekundu na vipande vya magamba. Akatoka nacho mlangoni.

"Seth! Anthony! Niangalieni!"

Waligeuka.

"Mnasema kuna sumu?"

Akanywa. Alikunywa kikombe kizima, gudugudu, koo linapanda na kushuka, maji mengine yanamtiririka kifuani kwenye gauni jipya. Wanawake walipiga mayowe. Mama yake alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Kama ni sumu, nife hapa!" Akakitupa kikombe. "Haya, ngojeni! Ngojeni nife!"

Kuku mmoja tu alikuwa anapita kwenye vioo akinyanyua miguu juu.

"Hakuna sumu," Evelina alisema. "Marko alikuambia Anthony, mimi nikiwepo. Alikuambia hawa hawakai pamoja, na alikuambia futi mbili haitoshi. Ulimpa makofi matatu. Aliyewaweka ni mimi. Mimi! Nilijua watauana, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakuchukia. Kama ni kupiga, mliyetakiwa kumpiga ni mimi."

Anthony alimfikia kwa hatua tatu, akampiga. Kofi la mkono wa pete, mbele ya mama yake, mbele ya mjomba, mbele ya mshenga wake mwenyewe. Evelina aligonga mwimo wa mlango, akateleza chini. Mdomo ulipasuka.

"Nikikuoa utaninyamazia tena?" Anthony alifoka. "Eh? Utaninyamazia?"

Fimbo ya mjomba Mazengo iligonga sakafu. Mzee hakuwa na haraka, alitoka nje akipima hatua, akasimama katikati ya uwanja. Alimtazama Kassamali aliyekuwa anatafuta miwani yake, akamtazama Marko aliyelala anaukumbatia mkono wake, akamtazama na Evelina.

"Rudini mkae," alisema. "Shughuli haijaisha. Mahari yamekuja, bado sijamuuliza binti. Kwetu binti anaulizwa."

"Mjomba, sasa hivi?" Seth alisema. Mchi bado ulikuwa mkononi.

"Sasa hivi, hapa hapa. Evelina, simama, mwanangu."

Alisimama akijishikilia kwenye mlango. Hakuna aliyemfunika khanga kichwani kama inavyofanywa. Damu ilikuwa inamdondoka kidevuni.

"Mgeni huyu Anthony unamfahamu?"

"Sasa namfahamu, mjomba."

"Ameleta vitu vyake. Tupokee, tusipokee?"

"Msipokee."

"Mara ya pili. Tupokee?"

"Msipokee."

Seth alipiga hatua. "Eva, bucha langu! Unajua unachofanya? Nitakuvunja..." Akaunyanyua mchi.

Mama Seth alikuwa ameshanyanyuka. Sijui alipata wapi mbio zile, mama wa miaka ile na magonjwa ya magoti. Alisimama mbele ya binti yake, mikono bado ina unga.

"Anza na mimi," alimwambia mwanawe. "Baba yako alinipiga miaka ishirini, napajua panapouma. Nikuonyeshe uanzie wapi?"

Seth alibaki na mchi hewani. Halafu akautupa, akaenda nyuma ya nyumba alikomchinjia mbuzi, akakaa kule na hakurudi.

"Mara ya tatu," mjomba alisema, kama vile hakukuwa na kilichotokea. "Tupokee?"

"Msipokee, mjomba."

"Mshenga umesikia. Bebeni vyenu."

Walibeba. Mablanketi, sukari, mpaka vitenge vya shangazi vilirudi garini. Anthony hakubeba samaki. Mwanamke mmoja alimwita awachukue, Anthony akatukana, akawasha gari, akapotelea barabarani na vumbi lake.

Evelina hakungoja wote waondoke. Alichukua ndoo mbili na kinyavu, akamtoa mwekundu wa mwisho, akamweka peke yake. Akamtoa mweusi aliyebaki hai bila jicho, akamweka kwenye ndoo ya pili. Yule bwana mkubwa alimwacha na mwenye nundu, watazamane. Ndipo alipokwenda nje.

Marko alikuwa ameegemezwa kwenye gurudumu la mkokoteni. Kassamali alikuwa amemfunga mkono kwa kilemba alichokiomba kwa mwanamke mmoja. Vidole vilivyotokeza vilikuwa vimeelekea kusikoelekewa.

"Umekunywa maji yale?" Marko aliuliza. Maneno yalikuwa yanapita kwenye pengo.

"Nimekunywa."

"Wewe una wazimu."

"Ninao." Akakaa vumbini kando yake, juu ya vioo vidogo vidogo, akaweka paji la uso kwenye bega lake, na hapo ndipo alipolia sawasawa, kilio cha tumbo.

"Tangi limevunjika," Marko alisema.

"Usiseme tangi."

"Lilikuwa zuri, Eva. Halikuvuja hata tone."

Kivuli kikawaangukia. Alikuwa mjomba Mazengo.

"Mbukwa, kijana," alimsalimia kwa Kigogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkono huo utakata kioo tena?"

Marko aliuangalia mkono muda mrefu. Angeweza kudanganya. "Sijui, mzee. Nadhani hautakata."

"Kazi nyingine unaijua?"

"Hapana."

"Watu wako wako wapi?"

"Chemba. Baba yupo, na baba wadogo wawili."

Mzee alichokora vioo kwa ncha ya fimbo, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akageuka.

"Evelina. Huyu hajaleta kitu, na sitaki kumuona na samaki hapa kwa dada yangu. Lakini binti anaulizwa. Umesikia alivyosema kuhusu mkono?"

"Nimesikia, mjomba."

"Umeuona?"

Evelina alifunua kilemba. Akaangalia vidole vile kimoja kimoja, vyote vitano, hakupepesa. Halafu akavifunika tena taratibu, akakaza fundo.

"Nimeuona," alisema. "Watu wake wakija, pokeeni."